Kondoo wa Mchina Mkutanoni Ikolo

Siku ile ya mkutano wa kijiji chetu cha Ikolo naikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyopokea shahada. Niruhusu kukuita mwanangu, msomi mwenzangu, ingawa tumepishana miaka tisa tu. Aibu huzeesha mtu.

Barabara mpya ilikuwa imeziba njia ya maji, na majaruba ya Shangazi Atupele yakawa bwawa. Mpunga wake ulikuwa karibu kuoza. Msimamizi wa ujenzi, Mchina tuliyemwita Bwana Lin, akaja na lori la makalavati ya kupitishia maji chini ya barabara, na karatasi za kijiji kusaini kabla hayajashushwa. Yeye alizungumza Kiingereza, mimi nikatafsiri. Alikiri kosa lao, akamalizia kwa msemo wa kwao: kondoo wakipotea, ziba zizi.

Nilikuwa na kijitabu cha misemo ya Kichina kwa Kiingereza, upande mmoja neno kwa neno, upande wa pili maana. Nikakifungua niwaeleze wanakijiji kwamba maana yake ni kuwa bado hujachelewa kurekebisha. Mzee mmoja akanikatiza: "Tumeelewa, msomi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leteni karatasi tusaini."

Hapo nilipaswa kukaa. Lakini chuoni nilisoma mantiki.

"Ngojeni," nikasema. "Kondoo ameshapotea. Zizi linamsaidia nini?"

Mmoja akataka kujua walipotea kondoo wangapi. Mwingine akasema huenda atarudi jioni, akute zizi limeshazibwa, alale nje. Mwenyekiti akaona hoja ni nzito, akaagiza iingie kwenye muhtasari. Tukafika kwa fisi, tukabishana kama Uchina wapo. Mimi nilipinga pande zote, maana nilikuwa na raha isiyo na kifani. Bwana Lin aliniuliza mara mbili watu wanasema nini. Nikamjibu wanaupima msemo wake. Akatazama saa, akakunja karatasi zake bila sahihi hata moja. Makalavati yalikuwa yanasubiriwa pia kijiji cha Ngana kabla ya saa sita. Lori likaondoka nayo.

Shangazi hakunifokea. Alinipa jembe.

Siku nne nilichimba mfereji wa kuyatoa maji yale, tope magotini, naye amekaa kwenye tuta anamenya ndizi. "Endelea kueleza, baba, nasikiliza," ananiambia. "Na kuchimba hivi, kwa Kichina wanasemaje?"

Nusu ya mpunga ilipona. Siku ya mwisho akaniambia, "Swali lako halikuwa baya. Ila ulilileta lori likiwa linaunguruma."

Mwanangu, sikwambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe bado sijaridhika na habari za yule kondoo. Hata methali zetu hazielewani: haraka haraka haina baraka, ngoja ngoja huumiza matumbo, chagua mwenyewe. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujanyoosha mkono, tazama ni mpunga wa nani unaozama wakati wewe unaongea. Kama si wako, fupisha.

Mungu akupe maswali mengi, miguu mikavu, na shangazi asiyeogopa shahada yako.