Farasi Ambaye Sijawahi Kumpanda

Hii stori itanifanya nionekane mjinga, na sina wa kumsukumia lawama, ingawa nimejaribu.

Mimi ni mwimbaji wa kantri hapa London. Sina kampuni, sina meneja. Narekodi chumbani, godoro nimelisimamisha ukutani sauti isitoroke kwa majirani. Mkenya mwenzangu hashangai kusikia naimba kantri. Kwetu Kinangop, Jumapili redio ni kantri tupu, na mama alikuwa anaitundika kwa nguzo ya boma akikama, eti ng'ombe wasipoisikia wanabana maziwa. Mzungu ndiye anashangaa.

Sasa kuna baa moja wana siku ya kantri kila mwezi. Unaimba wimbo mmoja, uwe wako mwenyewe. Wakikupenda, unapewa nafasi ya kudumu. Hiyo nafasi niliitaka vibaya sana. Nikatunga wimbo wa farasi: jangwa, jua linazama, mpenzi ameniacha. Nikanunua kofia. Nikaimba kwa pua, kama mtu wa Teksasi mwenye mafua.

Nilipomaliza, mzee mwenye baa, kofia yake kubwa kuliko yangu, akaniambia, "Sauti unayo, kijana. Lakini kantri si yenu. Huna kitu cha kwenu? Ngoma hivi?"

Ngoma! Damu ikachemka.

"Mzee, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa tu, nyuma ya stesheni."

"Umewahi kukama ng'ombe?"

"Mimi? Hapana."

"Mimi nilikuwa nakama wanne kabla ya kwenda shule! Nimepigwa teke mpaka nikarudia darasa la tano! Sasa kati yangu na wewe, nani mtu wa mashambani?"

Watu wakacheka, wengine wakanipigia makofi. Nafasi akapewa fundi wa lifti.

Kesho yake nikafika kazini Stanmore bado nafoka. Namtunza bibi mmoja Mhindi, mzaliwa wa Nakuru, aliyehamia huku zamani na Kiswahili chake chote cha dukani. Nikamwambia kila kitu nikimpikia chai, nagongagonga sufuria.

"Ubaguzi, Mama! Ubaguzi mtupu! Kofia ndiyo inamfanya mtu wa kantri?"

"Huyo mzee jinga kabisa," akasema. Nikafurahi. Kumbe hajamaliza. "Lakini wewe naimba nini huko?"

"Ule wa farasi."

"Kwa nini hapana ile wimbo yako ya mama na ng'ombe?"

Hapo nikakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Niliona watanicheka."

Akasema, "Beta, mtoto yangu, miezi tatu wewe naimba kwa jikoni yangu. Ile ya ng'ombe, mimi nalia. Ile ya farasi ikianza tu, mimi natoa hii mashine ya masikio, naweka kwa mfuko."