Sahani Chini ya Kawa

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Shaabani, mwaka huu, mama aliacha kumwekea kaka yangu chakula.

Kaka alitoka asubuhi kupeleka ufuta Ikwiriri, miaka ile watu walipokuwa wanapotea, na hakurudi. Hatukuletewa maiti, kwa hiyo hatukuzika, na mama alikataa kusomwa hitima ya mtu ambaye hajazikwa. Kila jioni alimpakulia kwenye sahani yake ya bati yenye ua la buluu, akaifunika kwa kawa la ukindu, akaiweka mezani. Alfajiri nilikuwa nakila mimi kiporo kile, kabla ya kwenda shamba. Mama alijua. Hatukuwahi kulizungumza.

Sisi ni watu wa visiwa vya delta, tulihamia Kibiti kutoka Mbwera baba alipofariki. Nyumba yetu ni ya miti ya mikoko na udongo, ya pili kutoka barabarani. Kaka alipopotea, majirani walianza kutusalimia bila kusimama. Walisema watu wa visiwani wanajuana na wale wabaya waliokuwa wanapoteza watu. Baadaye wakaacha hayo, wakasema nyumba ina majini. Nadhani hilo lilikuwa jepesi zaidi kulitamka mbele ya mama.

Jirani mmoja tu hakutukimbia, msusi. Siku moja ananisuka barazani kwake akaniuliza, "Shoga, eti kweli huyo jini wenu anakula wali?"

"Anakula," nikamwambia, "na samaki anamaliza mpaka kichwa. Ndiyo huyu unamsuka."

Tulicheka mpaka akaangusha chanuo. Nikamweleza yote: kawa, sahani, ua la buluu. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine.

Mimi napenda simulizi za kutisha. Nimo kwenye kundi la WhatsApp linalotuma sehemu moja moja. Mama hajui kusoma, kwa hiyo baada ya sala ya alasiri nilikuwa namsomea huku anachagua mchele. Ikaja simulizi ya mpangaji aliyehamia nyumba ya miti ya mikoko kando ya barabara. Vyombo vinalia vyenyewe, mlango unafunguka. Mama alikuwa anasema "Yarabi!" halafu anacheka. Sehemu ya tatu niliipenda sana, niliirudia.

Sehemu ya nne niliisoma bila kuipitia kwanza. Bibi mwenye nyumba, mtu wa visiwani, kila jioni anafunika kwa kawa sahani yenye ua la buluu. Nikaishia hapo.

"Endelea," mama akasema.

"Mtandao umekata, mama."

"Mbona macho yako yanasoma? Endelea."

Nikaendelea. Ningeweza kubadilisha maneno, lakini akili hiyo haikunijia pale. Alfajiri sahani inakutwa tupu. Anayekula ni jini, na jini huyo ni mwanawe yule bibi, aliyemtoa kafara ili apate mali.

Mama akatazama ungo wake. "Mali ipi?" akauliza.

"Hadithi tu, mama."

"Najua ni ya kutunga. Lakini ua la buluu wamelitoa wapi?"

Nikamwambia nililisema mimi, na nilimwambia nani. Hakunigombeza. Nilikaa pale nikingoja anigombeze.

Jioni ile ile, ndiyo hiyo Ijumaa, alipakua sahani mbili tu. Kawa lilibaki kwenye msumari.

Kesho yake nilimfuata msusi. "Jamani, mimi nilimhadithia mteja tu," akasema, mikono kichwani mwa mtu mwingine. "Na yenyewe si hadithi, shoga? Watu wanaipenda." Hata mimi nilikuwa naipenda.

Jumapili ikaja sehemu ya mwisho. Niliificha simu chini ya mto. Alasiri mama akaja na ungo, akaketi mahali pake.

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Soma."

"Mama, hii tuiache."

"Soma. Nataka nijue mwanangu wamempeleka wapi."

Nikaenda kuileta simu, nikasoma mpaka mwisho. Mpangaji alifungasha vitu vyake akahama, nyumba ikafungwa. Yule mwana hakutajwa tena.