Kompyuta Aliyoiacha Baba Mezani

Mungu alimwita Baba kabla hajamaliza kuiunda kompyuta aliyomwahidi karani wa shule. Vipande vilibaki kwenye meza ya kulia, na Mama akaapa kwamba ahadi ya mumewe haitazikwa naye.

Wiki tatu baada ya mazishi, asubuhi, aligusa kwanza nondo za dirisha ili umeme wa mwilini usiunguze vipande, kama alivyozoea kumwona Baba akifanya. Skrubu alizipanga kwenye trei ya mayai, kila aina na kishimo chake, kisha akaviunganisha vipande kimoja kimoja.

"Shemeji, si uifunge kwenye kasha lake ipendeze?" akauliza baba mdogo, kikombe cha chai mkononi.

"Kaka yako hakufunga kitu ambacho hakijawaka. Na hiyo chai kaa nayo mbali, usije ukainywesha kompyuta."

Akaiwasha ikiwa wazi, juu ya boksi la karatasi ngumu. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Baba mdogo akaguna. Mama hakumjali, alichomoa waya wa umeme, akakagua kipande kimoja baada ya kingine, mpaka akakuta kadi ya kumbukumbu imeingia upande mmoja tu. Akaikandamiza hadi ikalia ka, pande zote mbili. Alipowasha tena, skrini iling'aa na feni haikusimama.

Karani alipokuja kuichukua, alimshukuru Mungu kwa mikono ya marehemu.

"Yeye aliianza," Mama akasema, kichwa juu. "Nimeimaliza mimi."