Kiti cha Nyuma

Fundi friji mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kompresa, alikuwa na mkono wa birika na hakuona haya kulisema mwenyewe. Hakununua kitu siku ya kwanza kukiona. Wala hakugusa friji ya mtu kabla ya kuinama nyuma yake, kupangusa vumbi kwa kidole gumba na kusoma kile kibao kidogo chenye maelezo yote. Wateja wenye haraka walimnunia, naye akaendelea kusoma.

Kwa hiyo utacheka ukisikia kwamba mtu huyo, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili na miwani ya kusomea, Jumapili moja jioni alikuwa roho juu mbele ya kompyuta akitaka kununua meli ya angani. Meli ya mchezo, ila fedha za kweli. Zilibaki dakika kumi na nne punguzo lifungwe, na mtandao ulikuwa unasuasua.

Mchezo wenyewe aliuanza kwa sababu ya mdogo wake wa kike. Huyu alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na kwa miaka mitatu hakupokea simu ya kaka yake hata moja. Kisa kilikuwa karakana ya marehemu baba yao. Mnunuzi alikuja na bei nzuri, Kompresa akaiuza papo hapo, akamtumia mdogo wake nusu yake kamili, akadhani ametenda haki. Fedha zote zilirudishwa. Baadaye alisikia kwa shangazi yao kwamba mdogo wake hucheza mchezo wa anga mtandaoni, basi akajifunza na yeye, akamtumia mwaliko. Ulikubaliwa baada ya wiki mbili, bila neno.

Tangu hapo, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, walipanda chombo kimoja chenye viti viwili, yeye mbele akiendesha, mdogo wake nyuma kwenye mizinga. Waliongea habari za maharamia na mizigo tu. Karakana haikutajwa. Lakini alimwita Kaka, kama zamani, na kwa ajili ya neno hilo Kompresa angerusha hata ndoo.

Shida ni kwamba chombo kilikuwa dhaifu. Mwezi ule walilipuliwa mara nne, na mdogo wake akasema, kama utani, kwamba labda angepumzika kidogo na mchezo huu. Kompresa hakucheka. Aliogopa kweli kweli, maana alijua akiacha mchezo, simu bado haitapokelewa.

Katika mchezo ule, chombo cha zamani hakiuzwi. Unanunua hati ya kukipandisha daraja, unalipia tofauti ya bei, na cha zamani kinamezwa na kipya. Wajanja hawapandi kwa mpigo mmoja. Hununua hati ndogondogo, kila moja inaposhuka bei, halafu huziunganisha kama ngazi. Kompresa alikuwa amefanya hivyo miezi minane, akiandika kila hati kwenye daftari. Ilibaki ya mwisho. Meli aliyoipangia ilikuwa imepunguzwa kidogo tu, lakini chini yake kwenye orodha palikuwa na nyingine, kubwa zaidi, yenye silaha kila upande. Hiyo hakuwahi kuiandika popote. Ila nusu bei, jamani.

Mkewe alipita nyuma yake akauliza kama hiyo ndiyo ile ya kwenye daftari. Alijibu kwamba hii ni bora, akabonyeza. Duara la kusubiri likazunguka, likakwama. Zikabaki dakika sita. Aliogopa kubonyeza tena asije akakatwa mara mbili, akaogopa pia kutobonyeza. Zilipobaki dakika mbili, malipo yakapokelewa. Angeweza kuitunza hati ile hata mwaka mzima, lakini alitaka mdogo wake aikute meli mpya ikimsubiri. Onyo likatokea kwamba hati ikishatumika hairudi. Akakubali bila kumaliza kulisoma, na chombo chao kidogo kikatoweka.

Aliingia ndani ya meli mpya. Alizunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, akafungua kila mlango. Ndipo akafungua ukurasa wa maelezo, ambao ulikuwepo muda wote chini ya bei, akakuta umeandikwa kwamba meli hii ina kiti kimoja tu, cha mwendeshaji.

Saa kumi na mbili kamili mdogo wake akaingia.

"Kaka, chombo chetu kiko wapi?"

Alimweleza. Mdogo wake naye akazunguka, akafungua milango.

"Hukusoma," alisema. "Wewe, unayesoma kibao cha kila friji. Umeamua peke yako tena."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Kompresa. Alifungua kinywa ataje ile nusu bei, akakumbuka kwamba hata siku ya karakana alianza kwa kutaja bei. Akafunga. Njia ilikuwa moja tu: kuivunja meli, kurudishiwa thamani yake kwa sarafu za mchezo, na kununua upya chombo kidogo, huku mapunguzo yote ya miezi minane yakipotea. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuvunja. Akakiondoa.

"Mdogo wangu, unaonaje? Sibonyezi kitu mpaka useme."

Alingoja mpaka akatazama kama mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

"Vunja," mdogo wake akasema hatimaye. "Turudie kile kidogo." Kisha akaongeza: "Ungeniuliza hivyo siku ile, Kaka, ningekwambia karakana uiuze."

Kompresa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, na ikamchukua muda kukiona tena kile kitufe.