Mahenge Haina Mdhamini

Mashariki kumeanza kupauka. Juu ya ukingo wa Ngorongo, mahali ambapo ardhi ya kijiji inakoma na bonde la Rufiji linaanza, Kijakazi Mwinjuma ameketi juu ya kinu kilichopasuka. Redio iko mapajani, baragumu liko miguuni. Betri zilizoanikwa juani jana kutwa anazitoa katika upindo wa khanga, anazifuta kwa kipande cha fulana ya njano, anazipachika. Redio haiwashi. Anasubiri.

Betri zilizochoka hazistahimili nyimbo wala salamu za wasikilizaji. Kwa hiyo Kijakazi anasikiliza jogoo, anatazama rangi ya anga, na wakati ukifika, wakati ambao mkono wake umeuzoea kwa miaka mingi, anazungusha kitufe.

Inatoka sauti changamfu ya kijana. Tetemeko la ardhi limetikisa nchi moja ya Amerika ya Kati. Tufani inajikusanya katika bahari ya Pasifiki, na hata jina imekwisha kupewa. Wataalamu wa anga wameona madoa makubwa meusi usoni mwa jua, na milipuko inayotoka humo huenda ikavuruga mawasiliano ya simu duniani. Hali ya hewa ya hapa nchini: Dar es Salaam, mawingu kiasi na vipindi vya jua. Arusha, manyunyu. Mwanza, ngurumo. Kisha sabuni, kwa wimbo na vigelegele.

Kijakazi anazima. "Na Mahenge?" anaiuliza redio, kama mtu amwulizaye msafiri alikomwacha mwenziwe.

Chini bondeni, mtu amekwisha kuamka. Huseni, ambaye shamba lake ndilo la kwanza kutoka ukingoni, anapaza sauti kutoka juu ya dungu lake.

"Shangazi! Wanasemaje leo?"

"Jua limetoka madoa."

"Basi tukimbilie kivulini!"

Kicheko kinapita juu ya mpunga. Kijakazi naye anacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili, anayejulikana hapa kwa jina la Mama Kudra, ni mpiga mbiu wa bonde. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, Mwinjuma, pamoja na baragumu lenyewe, pembe ya tandala iliyong'arishwa na viganja vya watu watatu waliomtangulia. Tangu vijiji vilipohamishiwa huku juu, nyumba za watu ziko juu na riziki yao iko chini, kwenye udongo mweusi ambao mto huuacha kila unapopungua. Kuanzia kupanda hadi kuvuna, familia nyingi huhamia huko chini na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili kuwafukuza nguruwe usiku na ndege mchana.

Maji yakitishia kuja, Kijakazi hupuliza baragumu mara tatu, kwa pumzi ndefu. Dungu la kwanza hujibu kwa kupiga debe, lile lile la kufukuzia ndege. La pili likisikia debe la kwanza, nalo hupiga. Hivyo mbiu hurukia dungu hadi dungu mpaka kwenye mashamba ya mwisho kando ya mto, mahali ambapo sauti ya pembe haiwezi kufika yenyewe. Sheria ya bonde ni moja: hakuna anayeteremka dunguni kabla hajapiga debe lake. Anayekimbia kimya amewaua walio nyuma yake.

Ujira wake ni pishi moja ya mpunga kwa kila dungu, wakati wa mavuno. Kwa pishi hizo amemlea binti yake, Kudra, ambaye sasa ana watoto wake wawili na dungu lake katikati ya bonde.

Asiyekaa Rufiji huenda asielewe kwa nini mama huyu anaililia Mahenge, mji ulio mbali kiasi hicho, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama. Sababu ni kwamba maji yanayozamisha bonde hili hayanyeshi hapa. Yananyesha huko bara milimani, yanakusanyika, yanavuka pori ambalo ndani yake hakuna kijiji cha kupokea habari wala kuipeleka, na kuibuka huku chini siku kadhaa baadaye.

"Watu hudhani mafuriko huja na mawingu," anasema Kijakazi. "Huku kwetu huja jua likiwaka. Unaanua nguo zimekauka, ukigeuka maji yako mlangoni. Pori lile lina tembo, na tembo hapigi debe. Redio ndiyo iliyokuwa debe letu la huko juu."

Na kweli ilikuwa hivyo. Zamani taarifa ya hali ya hewa ilisomwa yote, kituo baada ya kituo: Mbeya, Iringa, Mahenge, Kilosa. Watu wa bonde hawakusikiliza habari za Pwani, kwa kuwa mvua ya Pwani huiona kwa macho. Kwa ajili ya kutunza betri waliwasha redio pale tu ilipofika zamu ya miji ya juu, wakapata walichokitaka, wakazima. Mahenge ikitajwa kwa mvua kubwa siku mbili mfululizo, Kijakazi alikwenda kulala na baragumu kitandani.

Kisha zikaja redio mpya. Soko limefunguliwa, walisema wakubwa, na hewa nayo imefunguliwa. Mojawapo, inayorusha matangazo yake kutoka Dar es Salaam, ndiyo pekee iliyosikika bondeni bila kukoroma, hata kwa betri zilizochoka, na mwanzoni ilisoma miji yote kama ilivyokuwa desturi. Bonde zima likahamia huko.

Mwezi wa Februari mwaka jana, redio hiyo iliibadilisha taarifa yake bila kumwambia mtu. Miji ya juu iliondolewa. Mahali pake hasa, dakika ile ile, zikawekwa habari za tufani, matetemeko na jua, zikifuatiwa na sabuni.

Juma hilo hilo Kijakazi aliwasha redio yake kwa wakati wa siku zote. Mwanzo wa habari ulikuwa umempita. Alichokuta ni hiki: mvua zisizokatika zimejaza mto, kingo zimepasuka, maelfu wamekimbilia juu ya miti, na serikali imewataka wakaao mabondeni wahame bila kuchelewa. Katika dakika ile, kwa miaka yote aliyoishi, hapakuwahi kusemwa habari ya mto mwingine. Akasimama juu ya kinu, akapuliza.

Madebe yaliitikia mpaka mtoni. Bonde zima likapanda juu, wazee wakiongozwa, watoto wakibebwa, kuku wakining'inia kwa miguu. Wakakaa ukingoni wakitazama chini. Maji hayakuja. Mto uliofurika ulikuwa wa Msumbiji.

Mpaka ukweli huo ulipofahamika, na watu kuamini kwamba ni salama kurudi, nguruwe na ngedere walikuwa wamekwisha kuvuna mahindi kwa niaba yao. Shamba la Kudra lilibaki mabua. Msimu ule hakuna aliyemkatalia Kijakazi pishi yake kwa maneno. Walimtazama tu, naye akaacha kudai.

Aliyemkejeli zaidi alikuwa Abdala, mkulima aliyetokea milima ya Umatumbi, ambaye dungu lake lilikuwa la pili kutoka mwisho wa bonde. Wawili hao ni watani, na mtani hakasirikiwi. Kila alipopita ukingoni na baiskeli yake Abdala aliuliza, "Mtani, leo umetuletea maji ya nchi gani? Ya Msumbiji tumeyamaliza."

Kijakazi hakukaa na fedheha yake. Alipanda lori la mbao hadi Kibiti, akapata basi la Dar es Salaam, akauliza njia mpaka akafika kwenye ofisi za redio ile. Alipokewa vizuri; hilo analisema mwenyewe kwa haki. Kijana mmoja mwenye tai alimkalisha kitini, akampa soda, akamwita mama mara nyingi.

Alimweleza kijana yule yote, pembe, madebe na pori la tembo. Kijana akasikiliza hadi mwisho, kisha akamfafanulia kwa upole jinsi mambo yalivyo siku hizi.

"Mama, dakika ile ina mwenyewe," alisema. "Sabuni wameinunua. Habari za tufani za nje zinatujia bure, na wasikilizaji wa mjini wanazipenda."

"Na Mahenge?"

"Mahenge haina mdhamini, mama."

Alimsindikiza hadi mlangoni na kumpa zawadi ya fulana ya njano yenye jina la redio kifuani. Ndiyo fulana ile ambayo kipande chake kinafutia betri kila alfajiri.

Ilipofika Aprili, Kijakazi aliuona mto ukibadilika rangi. Anga ilikuwa safi, haina hata wingu la kufunika ncha ya kidole. Lakini maji yalikuwa yamegeuka kuwa mazito kama uji wa mtama, yakibeba povu na mafungu ya matete yaliyong'olewa na mizizi yake. Dalili hizo huja mwishoni kabisa, zikimwachia mtu muda wa kuokoa watoto na si godoro. Kijakazi alisimama juu ya kinu akiwa na baragumu mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaogopa kulipuliza. Akikosea tena, alijua, hakuna debe litakaloitika milele.

Akapuliza.

Huseni alipiga debe. Siti, jirani yake, akapiga. Kudra akapiga, huku mtoto mmoja yuko mgongoni. Kijakazi aliifuata mbiu kwa masikio ikienda, ikififia, ikienda. Ilipofika kwa Abdala, ikakatika.

Nyuma ya Abdala palikuwa na dungu moja tu, la Mzee Mwinyimvua, mgane aliyekataa kuacha shamba lake, tena asiyeweza kuisikia pembe kutoka mbali kiasi kile. Debe la Abdala ndilo lililokuwa sikio lake.

Abdala alikaa siku mbili juu ya paa la dungu lake, maji yakipita chini, hadi mtumbwi ulipomfikia. Dungu la Mzee Mwinyimvua halikuonekana. Mwenyewe alionekana maji yalipopungua, akazikwa Ngorongo baada ya sala ya alasiri.

Mazikoni watani huwa na ruhusa ya kusema lolote. Abdala hakufanya utani. Alimfuata Kijakazi mahali wanawake walipokaa, akasimama mbali kidogo.

"Nilidhani ni maji ya Msumbiji tena," alisema.

Kijakazi anasema kwamba hakuwa na hasira naye. Hasira yake ilikuwa inatafuta anwani nyingine.

Haikuchukua muda anwani hiyo ikaja yenyewe. Uliwasili msafara na maturubai na mahindi ya msaada, na mgeni mmoja aliyevaa koti akawahutubia wananchi. Akasema kwamba hayo ni maafa ya asili, kwamba hakuna awezaye kushindana na kudra ya Mungu, na kwamba wananchi wazingatie taarifa za hali ya hewa. Kijakazi alinyoosha mkono, akaruhusiwa kuuliza swali moja.

"Mvua ni ya Mungu, hilo tumelikubali," alisema. "Kunyamaza ni kwa nani?"

Mgeni aliahidi kulichukua swali hilo na kulifikisha panapohusika. Hadi leo, mwaka ukikaribia kutimia, panapohusika hapajajibu.

Ni vigumu kusikiliza redio ukiwa juu ya ukingo huu na usishikwe na uchungu. Mvua ya Mahenge bado inapimwa. Yupo mtumishi anayeipima kila asubuhi, na tarakimu zake zinafika Dar es Salaam. Zinafika, zinakaa. Mkulima wa Ngorongo anaambiwa kila alfajiri juu ya milipuko ya jua, kitu asichoweza kukikimbia wala kukizuia, na ananyimwa sentensi moja ambayo ingemwokoa jirani yake. Wala asiambiwe kwamba dakika hazitoshi. Zinatosha kwa vigelegele vya sabuni.

Mpunga wa mwaka huu umesimama vizuri. Mwezi wa Machi unakwisha, miezi ya hatari iko mlangoni, na juu ya Mahenge hakuna ajuaye kinachonyesha. Kwa hiyo Kijakazi ameanzisha jambo ambalo baba yake hakulifanya. Kila alfajiri, baada ya kuzima redio, hupuliza mara moja tu, pumzi fupi, na bonde lote hutakiwa kuitika. Si mbiu ya maji. Anataka kujua kama wapo, na kama bado wanamsikia.

Leo anainuka kinuni, analifuta baragumu kwa kiganja, analiweka mdomoni. Huseni anaitika, kwa madaha, akipiga debe kama ngoma ya harusi. Siti anaitika. Kudra anaitika, na Kijakazi anashusha pumzi kidogo. Mbiu inakwenda, inafifia, inapita mahali ilipokatika mwaka jana na kuendelea. Hatimaye, kutoka mbali kabisa kando ya mto, kunasikika mapigo makavu, ya taratibu.

Huyo ni Abdala. Ulipopungua mto hakulijenga tena dungu lake pale pa zamani. Alilijenga mahali liliposimama la Mzee Mwinyimvua, na lile shamba lake akampa mpwa wake alilime, kwa sharti la debe.

Kijakazi ana mpango, naye hauoni kuwa mgumu. Wakishavuna, yeye na Abdala watapanda lori hadi Kibiti, watakwenda Dar es Salaam, na safari hii atalibeba baragumu. Atasimama mbele ya mlango wa redio ile, na hatakunywa soda ya mtu. Atapuliza mara tatu, kwa pumzi ndefu. Abdala atakuwa nyuma yake na debe. Wakitoka kumwuliza anataka nini, atawaambia wasome kama walivyosoma zamani: Mahenge imenyesha, au Mahenge haikunyesha.

"Na wakikuuliza mdhamini wako nani?" anaulizwa.

"Nitawaonyesha Abdala," anasema. "Awaeleze mwenyewe kimya chake kilimgharimu nani."

Debe la mbali linanyamaza. Jua limechomoza, zima, na kwa macho ya Ngorongo halina doa lolote. Kijakazi anazitoa betri moja moja na kuzipanga juu ya kinu, zianikwe.

"Bonde lote limeitika," anasema. "Imebaki Dar es Salaam."