Bosi Wangu na Makofi ya Mabamba

Mwaka 1975 nilimwona bosi wangu akipigiwa makofi na kijiji kizima cha Mabamba kabla hajafungua mdomo.

Hata "habari zenu" hajasema. Ameteremka tu kwenye Land Rover, vumbi halijatulia, watu wakainama kidogo. Pa, pa, pa.

Akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake.

Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Nilikuwa karani Kibondo, katika ofisi ambayo siitaji. Bosi wetu, Sylvesta, aliletwa kutoka mkoa mwingine. Alitaka tumwite Ndugu, kama nyakati zile zilivyotaka, ila tumwite tukiwa tumesimama.

Kumsahihisha kulikuwa kujitafutia safari. Karani mwenzangu Pasikali alimwambia kalenda ya ukutani ni ya mwaka jana, akahamishwa. Dionis alimwonyesha njia fupi ya kwenda Kakonko, akahamishwa kwa kupitia njia hiyo hiyo.

Mimi sikutaka kuhama. Mke wangu Esteria alikuwa mwalimu pale pale, mama yangu alikuwa anaumwa miguu, na nyumba yetu ya matofali ilikuwa imefika usawa wa madirisha.

Sasa turudi Mabamba.

Sylvesta hakujua Kiha, hivyo nilikwenda naye kama mkalimani. Akawaambia wanakijiji walime shamba la pamoja la mahindi kule bondeni. Nikatafsiri. Wazee wakatazamana. Tulipoaga, wakapiga makofi tena.

"Umeona, Longinus? Wamekubali mara mbili!"

Kwa ambaye hajafika kwetu: Waha tukikutana na mtu wa kuheshimiwa tunainama na kupiga makofi taratibu huku tukiulizana habari. Kuagana ni hivyo hivyo. Ni salamu tu. Padri anapigiwa, mkwe anapigiwa. Hakuna shamba lililokubaliwa pale.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka ile kalenda. Nikaufunga.

Kesho yake nikapiga chapa taarifa yake ya kwenda Kigoma: "Wananchi wameunga mkono kwa makofi mazito."

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Mkubwa wa mkoa atafika baada ya miezi miwili kulitazama hilo shamba.

Shamba lenyewe halikuwapo. Hakuna jembe lililogusa lile bonde. Na nilijua lawama itamwangukia nani: mkalimani.

"Si umwambie?" Esteria akaniuliza.

"Nikimwambia nahama."

"Basi usimwambie. Mwonyeshe."

Nikapanga safari ya Mabamba siku ya gulio. Tulipofika nikamwomba tukae kwanza ndani ya gari, injini ipoe.

Akatokea Abbasi, muuza chumvi kutoka mjini, na baiskeli yake. Wazee wakainama. Pa, pa, pa.

Sylvesta akakunja uso. "Huyu naye kahutubia nini?"

"Kauliza mmeamkaje, mzee."

Akaja bibi mmoja na kapu lake kichwani. Pa, pa, pa.

"Na yule?"

"Kaja kumwona mjukuu, mzee."

Alitazama gulio muda mrefu, makofi yakilia huku na kule kama mvua inayoanza kudondoka. Mimi nilitazama dashibodi.

Mwishowe akasema, kama anaongea na kioo: "Hivi... hiyo salamu yenu inapigwaje?"

Nilimwonyesha kwa mikono.

Akateremka, akainama, akapiga. Alipiga vibaya mno, ungedhani anaua mbu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Reverien, alicheka hadi akashika magoti. Kisha akamsogelea na, kwa mara ya kwanza, akamwambia la moyoni.

"Bwana, bonde lile mwezi wa tatu linajaa maji. Mahindi yako watavuna vyura. Tupe ule mteremko, tunaanza kesho."

Nikatafsiri yote, pamoja na vyura.

Sylvesta akanitazama. Nikaiona Land Rover ikinibeba mimi na magodoro yangu.

"Andika," akasema. "Mteremko."

Tangu siku ile hakutia sahihi karatasi bila kuniita. "Longinus, unaonaje hapa?" Nami nilikuwa namjibu polepole, tena baada ya kumuuliza kwanza yeye anaonaje. Ofisi nzima ilishangaa. Wengine walisema nimemwendea kwa mganga.

Mkubwa wa mkoa alipofika, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Akateremka, watu wakainama, pa, pa, pa.

"Aisee! Huku wananipenda!" akasema.

Mimi na Sylvesta tukatazama viatu vyetu.

Januari nikakuta bahasha ya kahawia mezani kwangu. Uhamisho. Kasulu. Mara moja.

Nikaingia kwake na bahasha mkononi. "Mzee, nimekosa nini?"

"Kukosa?" Meno yote nje. "Nimepandishwa cheo, naenda Kasulu. Nikawaambia siendi bila Longinus. Kule nani ataniambia ukweli?"

"Mzee, mke wangu... mama... nyumba..."

"Usinishukuru. Nenda kafunge mizigo."

Kasulu nilikaa naye miaka minne. Esteria alibaki Kibondo, nami kila mwisho wa mwezi nilipanda lori kwenda kuwaona.

Ninyi mlioajiriwa mkiwa na bosi mgumu, msikate tamaa. Anafundishika. Mpeni nafasi aone mwenyewe, msimwaibishe, atawasikiliza.

Ila mkimfundisha, hakikisheni anajifunza kuwasikiliza watu wawili au watatu. Akimsikiliza mmoja tu, huyo mmoja hatabaki nyumbani kwake.