Suti ya kwenda kwa munganga

Munganga ya hospitali aliniomba nimuletee sauti ya kukoroma kwangu, juu bibi yangu anasema pumzi yangu inakatikaka nikilala. Nikajirekodi mu telefoni, na asubuhi nikamutumia. Mi muntu ya akili, kumbe niliituma mu grupu ya jamaa yote, bila neno hata moja: nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Hakukuwa umeme, telefoni ikazimika.

Kwa munganga muntu haendake ovyo-ovyo. Nikavaa suti nyeusi na kravati, nikajilaza ku kanape, kiti kirefu ya salo, nikingoja bibi amalize kuoga. Usingizi ukanibeba.

Niliamushwa na kilio. Ma-tantine balijaa salo. Tantine Georgette, dada mukubwa ya baba, alishika viatu vyangu akilia: "Hata suti bamemuvalisha tayari!"

Nikafungua macho.

"Tantine, nani amekufa?"